Mlango wa Mwalimu Mbonde

Usiku ule nililala na hasira, maana kesho yake nilitakiwa kuwafundisha vijana watakaoendesha mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini hesabu niliyojua ni ya uongo. Profesa, mkuu wa idara yetu, alikuwa ameifupisha. Kiini cha atomi kikipasuka, nyutroni, chembe zinazokwenda kupasua viini vingine, karibu zote hutoka papo hapo. Chache sana huchelewa. Hizo chache Profesa aliziondoa.

"Zinachafua ubao tu," alisema. "Hivi mkataba wako unaisha lini, Neema?"

Usingizi ukanipitia. Niko katika darasa letu la zamani, mchana, na Mwalimu Mbonde, aliyenifundisha, anafuta ubao kwa mkono wa koti lake. Najua amekufa. Nilikuwepo tulipomzika, na Profesa, aliyemcheka miaka yote kwa kufundisha mtambo ambao nchi haina, ndiye aliyeshika kipaza sauti akamlilia. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Mwalimu hakunisalimia. Anachora mstari wa nguvu ya mtambo, umenyooka, umetulia. Mlango uko wazi, kama alivyouacha siku zote. Wahadhiri wengine walifunga kwa ufunguo kipindi kikianza. Yeye alisema waliochelewa nao wana kazi yao humu ndani. Vijana wangu wa kesho wamekaa mbele, wananakili.

Halafu Profesa yupo, sijui kaingilia wapi, na mlango umefungwa. Mstari haukutikisika.

"Umeona?" ananiambia. "Kimepungua nini?"

Mwalimu akanipa chaki. "Vuta fimbo kidogo, mwanangu."

Fimbo ndizo humeza nyutroni na kuutuliza mtambo. Nikavuta moja, kidogo tu, na mstari ukapaa, ukatoka ubaoni, ukapanda ukutani hadi darini kabla sijaondoa mkono. Darasa linawaka joto. Vijana bado wananakili, wananiamini. Nje watu wachache wanagonga.

Nikamgeukia Profesa anipe ufunguo. Hana. Uko mkononi mwangu.

"Mtambo ukitulia, hata hesabu mbovu huonekana nzuri," Mwalimu akasema. "Hawa ndio watakaoshika fimbo."

Nikafungua. Waliochelewa wakaingia kimya, wakakaa, na mstari ukarudi ubaoni, ukaanza kupanda polepole, kwa mwendo ambao mkono wa mtu unauwahi. Nilitaka Mwalimu anisifu, hata neno moja. Akavaa koti lake akaondoka.

Niliamka na uchungu. Mtu mwema amelala kaburini, halafu bado ndiye anayetumwa kuja kusahihisha uzembe wa walio hai!

Asubuhi niliandika hesabu yote, pamoja na zile chache, ikajaza ubao mzima. Profesa alikuwa amekaa nyuma. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akanyanyuka kwenda kufunga mlango.

"Uache, Profesa," nikamwambia. "Kuna wanaokuja."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi. Mlango ukabaki wazi.