Kaka Nassor na Buibui la Mama

Nakumbuka alasiri moja ya Matrah, kule Omani, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia hasira zinanipanda upya. Kaa nikuhadithie, na hiyo simu iweke chini.

Tulikuwa tumehamia Maskati kutoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi, mama na kaka yangu Nassor. Nassor alikuwa mtu mwema, lakini skuli ilimtia maradhi. Mwalimu wake aliwakaririsha michezo ya kuigiza ya Kiingereza cha kale, ya zama za malkia wao wa karne nyingi nyuma, na maneno yake mashuhuri hayakumtoka tena kichwani. Mchuzi ukizidi chumvi, alikuwa na maneno ya mfalme aliyepinduliwa. Mama akiumwa na jino, alikuwa na maneno ya mpenzi anayekufa. Sisi tunasubiri amalize, halafu tunaendelea kula.

Maneno hayakumdhuru mtu. Hila ndizo zilizotuponza. Katika michezo ile mtu hujifunika joho la mwengine, na hata mkewe wa ndoa hamtambui. Na wanawake wote jukwaani walikuwa wavulana waliovishwa magauni, watazamaji wakakubali. Kaka yangu akadhani dunia nayo ndivyo ilivyo.

Wakati ule alikuwa ameshamposa Zuwena, binti wa majirani zetu wa tangu Unguja, na baba mtu ameridhia. Lakini Nassor alitaka kujua kama Zuwena mwenyewe anampenda, au anamtii baba yake tu. Nikamwambia nitamuuliza mimi. Akakataa, eti mtu akiulizwa wazi hasemi kweli.

Basi siku hiyo nipo kwa kina Zuwena, tunakunywa kahawa na wanawake wenzangu, akaingia bibi mrefu kajifunika uso, buibui limeishia kwenye muundi. Lilikuwa buibui la mama. Akasema kwa sauti nyembamba kwamba anatoka kijiji cha Qantab, anauza wanja. Nikamjua kaka yangu. Kaka zake Zuwena walikuwa majlis, chumba cha wageni wanaume, ukuta mmoja tu kutoka tulipo, na mwanamume kukutwa chumba cha wanawake halikuwa jambo la kuchekwa likapita.

Zuwena alimtazama miguu mara moja. Kovu la baiskeli lilikuwa pale pale kwenye kifundo, na yeye alikuwepo siku Nassor alipoanguka. Kisha akammiminia kahawa.

Bibi akakohoa, akauliza kama ni kweli bwana harusi anapendwa. Mama yake Zuwena akaanza kuinuka amwangalie vizuri, na hapo Zuwena akanigeukia taratibu.

"Bibi huyu hajisikii vizuri," akasema. "Mtoe kwa mlango wa nyuma."

Nikamshika mkono, nikamtoa. Na unajua alifanya nini kichochoroni? Alicheka, akaanza kunisomea Kiingereza chake. Kidogo nimzabe kofi.

Kesho yake Zuwena aliniita. Hakupandisha sauti.

"Jawabu lilikuwa ndiyo," aliniambia. "Nilikuwa nampenda kabla hajaniposa. Lakini sasa nitaishi naye vipi, kila mgeni akibisha hodi nimtazame miguu?"

Akamwambia baba yake kwamba hataki tena, wala hakusema kwa nini, hata kwa mama yake. Alimsitiri. Nassor alituma wazee wakamuombee msamaha, akaenda mwenyewe kwa baba mtu akalia, Zuwena hakurudi nyuma. Akaolewa mji wa Qurayyat. Kaka yangu alikaa miaka bila mke, na mezani kwetu hakusoma tena neno.

Sasa nnasikia na nyinyi mnajaribiana kwa simu, mmoja anajifanya mtu mwengine apate kusikia mchumba wake atasema nini. Mnanichosha. Jukwaani hila inafanikiwa kwa sababu mtunzi ameshawaamuru wote wasione. Nyumbani hakuna mtunzi, mwanangu. Ukitaka kujua kama mtu anakupenda, nenda na uso wako, muulize, na uliogope jawabu kama sote tunavyoliogopa. Akisema hapana utaumia, utapona. Akikudanganya, dhambi ni yake. Lakini ukimtega ukamnasa, hata akiwa mkweli hatokuamini tena, na huko hakuna wa kukurudisha.

Mungu akujaalie mwenza mkweli, akupe na ulimi mwepesi wa kumuuliza, na awape kheri nyote wawili. Amin.