Aliyenijibu "Nishapoa"

Haya niliyaona mchana, jua likiwaka nje, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Nayasema mapema kwa sababu najua utakavyoniangalia nikimaliza.

Nilitoka Makambako na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Tunduma miaka miwili, Lusaka mitatu, Dar mmoja, kisha ndege ya Addis Ababa, usingizi wa kukaa kwenye viti vya uwanja, na mwisho Guangzhou. Huko nilikuwa nafunga marobota ya nguo mtaa wa Guangyuan Xilu kwa wafanyabiashara wa kwetu. Nilidhani nitakaa miezi sita. Nilikaa miaka tisa.

Chumba nilikuwa nimepanga na Lusajo, kijana wa Tukuyu aliyekuwa anasomea udaktari wa mitambo na vyuma. Si udaktari wa sindano, ni ule wa shahada ya juu ya chuo kikuu. Yeye alichoma vipande vya chuma kwenye tanuri, akaviacha vipoe humo humo, halafu akavivuta kwa mashine aone vinakatika lini. Ila vyake vilikuwa vinapasuka vyenyewe kabla ya kuifikia mashine. Mwaka mzima hivyo. Ufadhili ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na vipande vya chuma maalumu alichopewa vilibaki kumi na viwili tu. Na hivyo vikipasuka, anarudi mikono mitupu, na mama yake alishalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni daktari.

"Braza," alikuwa ananiambia, "wewe robota likipasuka unashona. Mimi nashona nini?"

Ikafika sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Maduka yakafungwa, wenzake wa maabara wakaenda makwao, tanuri likabaki lake peke yake. Akahamia huko. Siku ya pili nikasonga ugali, nikakaanga samaki, nikafunga sufuria kwa taulo, nikampelekea.

Nilimkuta amelala, kichwa mezani, kwenye chumba cha pembeni. Sikumwamsha. Nikaingia ndani nitafute pa kuweka chakula, na hapo mbele ya tanuri alikuwa amechuchumaa mzee wa Kichina, ovaroli la bluu, anafuta mlango wa tanuri kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Sasa wewe ukimpita mtu yuko kazini unasema nini? Miaka tisa ugenini, ulimi wangu haukujifunza kupita kimya. "Pole na kazi, mzee," nikasema, kwa Kiswahili, kisha nikajicheka.

"Nishapoa," akajibu.

Niamini. Hakugeuka hata kushangaa. Akauliza, "Ndugu, unatoka wapi?"

"Makambako."

Hapo ndipo akaniangalia. Macho yakamlegea. "Makambako baridi sana. Mama mmoja alikuwa ananipa viazi vya kuchemsha. Ananiambia, kula, mwanangu, mbona umekonda." Kisha akagonga mlango wa tanuri kwa kidole. "Hivi bado. Kipimo hiki kinadanganya. Kinasema vimepoa, ndani bado moto. Mwambie mwenzako asifungue leo. Kesho."

Akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje kwetu mwezi wa sita. Nikainama kuweka sufuria, nikainuka, hayupo. Mlango ulikuwa mmoja tu, nyuma yangu, na hakunipita.

Kengele ya tanuri ikalia. Lusajo akaja anajikokota, anavaa glavu.

"Usifungue," nikamwambia. "Mpaka kesho."

"Braza, fizikia ulipata ngapi?"

"F."

"Basi nipishe."

"Mzee mmoja wa hapa kasema kipimo kinadanganya."

"Mzee gani? Jengo zima tuko wawili." Akashika komeo. Nikasimama mbele yake na sikutoka. Nilimwona anakasirika kweli, kijana wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikasema kitu pekee kilichonijia: "Ugali unapoa."

Akanitazama. Akacheka, akavua glavu. Alikula akamaliza, akalala palepale hadi asubuhi.

Kesho yake alifungua. Vipande kumi na viwili, vizima. Akatafuta kipimajoto kingine, akakiingiza kwenye tanuri lililowashwa; kile cha zamani kilikuwa kinasoma pungufu kwa nyuzi mia na zaidi. Kumbe mwaka mzima alikuwa anavitoa vikiwa bado moto, vikikutana na hewa vinapasuka. Alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.

Tukatoka kumtafuta mzee tumshukuru. Pale getini alikuwepo mama mlinzi, na Lusajo akamweleza kwa Kichina nilichokiona. Mama yule akaacha kumenya chungwa. Alisema yule ni shifu wa tanuri, yaani fundi mkuu, na alishafariki, huu ni msimu wa baridi wa nne sasa. Ujanani alikwenda Afrika kujenga reli, ile ile inayopita kwetu Makambako. Akimkuta mtu yeyote kazini, shifu alikuwa anamwambia neno moja, "pole", na wanafunzi walikuwa wanamcheka.

"Lina maana gani?" akauliza mama.

Lusajo, na Kichina chake chote, alitafuta neno akalikosa.

Nimelifikiria sana. Miaka yote ile mzee aliwapa watu pole, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba naye anapaswa kupewa.

Lusajo alifaulu mwezi wa sita. Siku niliyoondoka moja kwa moja, begi mgongoni, nilipita maabara, nikaliambia tanuri, "Pole na kazi, shifu." Nikangoja. Tanuri lilikuwa limezimwa, baridi, na hapakuwa na sauti. Nikaenda uwanja wa ndege.

Sasa niko Makambako. Watu wananikuta shambani, wananipa pole, nami najibu "asante" tu. Lile jibu lenyewe, "nishapoa", siwezi tena. Nililisikia kwa mtu aliyepoa kweli. Nawe ukimpa mtu pole, mzee au mgeni, usipite mbio. Simama mpaka akujibu. Huwezi kujua ameingoja tangu lini.