Yai Tumboni mwa Ndege

Enzi zetu kule Kabras, yai la kienyeji lilikuwa na kazi mbili: kuliwa na kurushwa angani. Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanakutazama kama umekula kitu kibaya. Lakini waulizeni wenzangu tuliosoma nao shule ile iliyozungukwa na miwa pande tatu. Watawaambia kwamba Jumamosi asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijatukimbiza, hakuna mtoto aliyebaki nyumbani. Hata aliyetumwa maji alipitia uwanjani kwanza, na mtungi ukajazwa saa sita.

Aliyetukusanya bila kutuita alikuwa Senge Truphosa, dada mdogo wa baba yangu, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi mjini Kakamega. Mkufunzi mmoja mgeni alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Senge alijifundisha kuirusha peke yake. Akaivunja, akaiunga kwa gundi, akaivunja tena. Kijiji kikasema amerukwa na akili. Alipoizungusha juu ya miwa na kuirudisha miguuni pake, kijiji hichohicho kikasema huyu ni mtoto wetu.

Ndege ile tuliiita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu ilisamehe kila kosa. Mabawa yake yaliinuka kidogo kwenye ncha, kama mtu anayenyoosha mikono kupokea mgeni. Ikilala upande nawe umechanganyikiwa, unaachilia vijiti vya rimoti tu, nayo inajinyoosha yenyewe na kuendelea na safari. Ndege hiyo ndiyo niliyojifunzia, nikiwa darasa la saba. Hadi leo nikisikia harufu ya molasi ya kiwanda cha sukari, naiona ikipita juu ya nyasi zenye umande, na sisi chini tukitafuna miwa ya kuiba, shingo zinauma kwa kutazama juu.

Na mayai? Hiyo ilikuwa sheria ya Senge. Alichonga kishimo tumboni mwa Kukhu, akatandika pamba, na juu ya pamba akaweka yai bichi. Ukitua vizuri, yai ni lako, nenda ukakaangiwe. Ukitua vibaya, unapangusa kiini kwa shati lako mwenyewe. Mama alilalamika kila wiki. "Kuku yangu inatagia nani, watu ama ndege?" Senge alicheka tu, mkono tayari uko kwenye kiota.

Nilivunja mayai hadi nikawa nakwepa macho ya kuku. Kisha Jumamosi moja yai likatoka zima, na la wiki iliyofuata likatoka zima, na mengine baada yake. Nikajiona rubani kamili. Ndipo Senge akaingia chumbani kwake, akatoka na ndege ile nyingine.

Ile nyingine aliijenga mwenyewe karibu mwaka mzima, jioni baada ya kusahihisha mitihani, kwa mbao nyepesi alizozitafuta kwa taabu. Aliivisha plastiki nyembamba akaipiga pasi ya makaa taratibu, kama sare ya siku ya kwanza ya muhula. Juu ilikuwa nyekundu, chini milia myeupe na myeusi, ili ikiwa mbali ujue kama imelala kifudifudi au chali. Mabawa yalinyooka kama rula. Tulikuwa tumemwona siku moja akiipindua, ikapita chali juu ya uwanja mzima, na akina mama waliokuwa wakipalilia wakatupa majembe wakapiga vigelegele. Senge alisimama hapo na gambuti zake za matope, macho juu, na mimi nikaamini hakuna mwanamke mzuri kumshinda katika Kenya yote.

"Nafula, sikiza," aliniambia akinipa rimoti. "Kukhu inakusamehenga. Hii haisamehengi mtu. Inafanyanga ile kitu umeiambia, si ile kitu ulitaka."

"Na nikiiangusha, Senge?"

"Itaanguka."

Akarudi nyuma kidogo, akaweka mikono mgongoni.

Niliipaisha. Lo! Ilikuwa nyepesi hata nikaogopa. Ukigusa kijiti, imeshafika. Nikaizungusha uwanja, kichwa kikanivimba, nikaipindua. Milia ikatokea, wenzangu wakashangilia, na papo hapo nikaona pua inainama kuelekea miwa. Hapo nikafanya kosa ambalo angelifanya tu mtu aliyelelewa na Kukhu: niliachilia vijiti, nikangoja ijinyooshe.

Haikujinyoosha. Iliendelea kushuka chali, imetulia, bila haraka. Mwaka mzima wa jioni za Senge ulikuwa unakwenda kuzikwa kwenye miwa mbele ya macho yangu. Niligeuka nimrudishie rimoti, na yeye hakunyoosha mkono.

"Sukuma mbele," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. "Imelala chali. Sukuma mbele."

Mwili wangu wote ulitaka kuvuta kijiti, maana kwa Kukhu kuvuta ndiko kupanda. Nikasukuma. Mkia ukapangusa vichwa vya miwa, kisha ndege ikapanda, ikapanda, milia inang'aa juani. Niliigeuza, nikaitua, nikaketi kwenye nyasi na kulia mbele ya darasa zima. Senge alichomoa jani la muwa lililokwama mkiani, akanipa.

"Sasa unarusha," akasema.

Siku hizi kila kitu kinarudi nyumbani chenyewe. Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu Kabras na droni yake. Senge ana mvi sasa na amestaafu. Miwa imepungua, nyumba za mawe zimeota mahali pake, lakini uwanja upo. Asubuhi tukichambua kunde mlangoni pa jikoni, nilimuuliza kwa nini siku ile hakuninyang'anya rimoti.

"Unadhani niliweka mikono nyuma kwa heshima?" alicheka. "Nilikuwa nimekamata mkono mmoja na mwingine, usitoroke kwenda kwa rimoti. Vidole vilikufa ganzi."

Basi mwanangu akatuita tumwone. Akabonyeza, droni ikapaa na kusimama angani kama imetundikwa. Akabonyeza tena, ikarudi yenyewe ikatua miguuni pake, naye muda wote anatafuna biskuti. Senge akapiga makofi kwa adabu.

"Safi sana. Na wewe umefanya nini?"

Mtoto alinitazama nimsaidie. "Nimebonyeza, nyanya."

Senge aliingia ndani akatoka na Kukhu, gundi juu ya gundi, betri mpya tumboni, kisha akapitia kwenye kiota cha kuku. Mwanangu alipopewa yai aliligeuza huku na huku, nadhani alikuwa akitafuta pa kubonyeza. Tulijaza kishimo pamba. Nikatamani wenzangu wote wa darasa la saba wangekuwepo, na mama na malalamiko yake, na miwa ile yote.

Senge akampa mwanangu rimoti, na Kukhu ikapanda, ikiyumba.

"Mama, ishike!" alipiga kelele. "Mama, inaanguka, ishike!"

Nilikuwa nyuma yake. Mikono yangu ilikuwa mgongoni, mmoja umeukamata mwingine kwa nguvu zangu zote.