Vanishi kwenye Ua wa Kakao

Mwaka huu kakao ya mama yangu ilinuka kama kabati jipya. Sisemi kwa mfano. Ukichota punje kiganjani na kuzisogeza puani, ulikutana na karakana ya seremala: vanishi, petroli kidogo, na nyuma kabisa, kwa mbali, kakao yenyewe. Mavuno ya mjane mmoja wa kijiji cha Talatala yalifikishwa hapo na kaka yangu mkubwa, fundi wake, na hamu ya kupata picha nzuri.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana kaka huwa anaanzia katikati, pale ambapo yeye bado anapendeza.

Ua wa nyumbani kwetu aliutandika marehemu baba kwa matofali ya kuchoma yaliyobaki alipomaliza kujenga nyumba. Aliyalaza ubapa, akayabananisha, akajaza mchanga wa mtoni kwenye mianya. Halikuwa pambo. Kwetu mvua hainyeshi kwa adabu, na asiye na sehemu ngumu mbele ya mlango huishi na tope mpaka kitandani. Juu ya matofali hayo mama alisimamisha chanja ya kuanikia kakao, miti mirefu iliyotandikwa mikeka, na maji ya mvua yalipita chini yake, yakazama mianyani, yakaenda zake.

Mvua kubwa zikipungua, matofali huwa ya kijani kwa kuvu na yanateleza. Tiba yake ilijulikana. Ni majivu, mchanga wa chenga, fagio gumu, na wanawake wa jirani wanaokuja kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, wakisugua na kusengenya mpaka rangi nyekundu irudi. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo mradi.

Kaka aliliita mradi. Anakaa Mbeya, ana kazi ya ofisini, na miaka ya karibuni amejiunga na watu wanaoonyeshana nyua zao kwenye simu. Nimeziona picha hizo. Hakuna mtu ndani yake, hakuna kuku, hakuna ndoo, ni sakafu tu inayong'aa kama imetapikiwa mafuta. Ilipopangwa ibada ya kusimika msalaba kwenye kaburi la baba, ambalo liko pembeni mwa ua kama makaburi yetu mengi yalivyo karibu na nyumba, alikuja kukagua, mikono mgongoni.

"Mama, hapa watakuja watu," alisema.

"Watu wanakuja kila siku," mama akajibu.

"Watu wa maana."

Mama aliwatazama majirani wawili waliokaa pale wakimsaidia kupasua maganda ya kakao. Mmoja wao akasema, "Basi siku hiyo sisi tutajificha migombani." Kaka alicheka. Alidhani anataniwa.

Fundi aliletwa na bajaji kutoka mjini Kyela, pamoja na pipa jeupe la dawa ya kuziba na kung'arisha matofali, ambalo maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Kazi yake halisi ni kupaka vanishi samani na majeneza. Kaka alimchagua kwa sababu jeneza la baba liling'aa. Nilimuuliza kaka mara mbili kama ndiyo sababu yenyewe, nikidhani nimekosa kitu. Sikuwa nimekosa kitu.

"Umewahi kuziba matofali ya nje?" nikamuuliza fundi.

"Dada, mbao na tofali ni ndugu. Vyote vinakunywa."

"Ndugu wa baba mmoja au wa mama mmoja?"

"Mabinamu," akasema, bila hata kufikiri, na akaendelea kukunja mikono ya shati.

Walianza kwa kuosha. Majivu na fagio vilikataliwa kwa madai kuwa ni mambo ya zamani, ikakodiwa mashine ya kuoshea magari. Nakubali kwamba matofali yalipendeza. Yalirudi kuwa mekundu kama yametoka tanurini siku ile. Lakini maji ya mashine yalichimbua mchanga wote wa mianyani na kuurusha kwenye migomba, na jioni ile ukikanyaga ua, matofali yalicheza chini ya mguu kama meno ya mzee. Mchanga wa mtoni uko hatua chache nyuma ya nyumba. Kaka aliagiza mchanga mweupe wa ufukweni kutoka Matema, kwa gari, kwa sababu mistari myeupe kati ya matofali mekundu hutoka vizuri kwenye picha. Ni mchanga laini kama unga. Mvua ya kwanza iliuzoa karibu wote, na fundi akaufagilia tena uliobaki huku akisema kwamba dawa itaushika.

Dawa hiyo inataka tofali kavu. Hilo hata fundi alilijua, alilisema mwenyewe. Ila usiku kulinyesha, na kaka alikuwa na tarehe yake. Basi fundi alipiga magoti asubuhi, akafuta ua mzima kwa matambara, kama mtu anayefuta meza, akapaka. Juu ya tofali lililonywa maji usiku kucha, alipaka mkono wa kwanza, na mchana akapaka wa pili. Kufikia jioni, chini ya ule mng'ao, kulikuwa na weupe uliotanda kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho.

"Huo weupe ni nini?" mama aliuliza.

"Ni dawa inafanya kazi, mama," fundi akasema.

Kaka alitikisa kichwa kwa kukubali. Huwa anatikisa kichwa hivyo hivyo mbele ya asichokijua, na kwa namna hiyo amepanda vyeo.

Bado chanja ilikuwa imesimama, na kaka akaiona kwenye simu yake, kwenye kona ya picha ya majaribio. Alisema inafanana na banda la kuku. Akaing'oa, na miti yake akawapa wapishi wapikie wali wa wageni. Mama alikuwa shambani. Aliporudi alikuta miti imeshakatwa vipande. Aliuliza tu, "Na kakao?" Kaka akamwambia atamjengea nyingine ya kisasa. Neno hilo analitumia kwa kitu chochote ambacho hana mpango nacho.

Siku ya ibada manyunyu yalianza asubuhi. Kuvu la kijani lina huruma, linakuonya kwa rangi yake. Ua wa kaka haukuonya mtu. Mzee wa kanisa aliteleza akiwa na Biblia mkononi, akadakwa na mpiga ngoma wa kwaya. Wanawake waliobeba masufuria ya wali walitembea wameshikana kama wanavuka mto. Wale watu wa maana kutoka Mbeya, wenye viatu vyenye soli laini, walibaki kwenye viti vyao kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakiogopa kwenda hata chooni. Shangazi yetu, dada yake baba, alivua viatu, akasimama peku katikati ya ua na kumwita kaka mbele ya wote.

"Baba yako alikufa kwa ugonjwa," alisema. "Wewe unataka sisi tumfuate kwa kuteleza?"

Kicheko kilianzia jikoni kikafika kaburini. Hata mchungaji alilazimika kusafisha koo. Kaka alitabasamu, akasogea upande ambao mwanga ulikuwa mzuri, na picha zikapigwa. Nimeziona. Ua unang'aa, msalaba umesimama wima, na hakuna hata mguu mmoja unaoonekana ukitafuta pa kushika.

Jumapili aliondoka. Gari lililorudisha viti vya kukodi liliondoka pia na turubai za mama, zilizokuwa zimefungwa juu ya wageni kuzuia mvua, na hadi leo kila mtu anasema zipo kwa mwenzake.

Jumatatu kakao iliyokuwa kwenye masanduku ya kuchachushia ilikuwa imekwisha kuchacha. Kakao ikishafika hapo haisubiri mtu. Ni lazima itoke ikutane na jua, la sivyo inaoza. Chanja ilikuwa majivu. Turubai hazikuwepo. Mama alimpigia kaka simu, akaweka sauti kubwa kama anavyofanya siku zote, nami nilikuwa nimekuja kutoka mjini kumsaidia kuosha vyombo vya ibada, nikasikia.

"Ua umekauka?" mama aliuliza.

"Umekauka zamani, mama. Hata ukimwaga uji hapo unaulamba."

"Mbona kama unanuka?"

"Hiyo ni harufu ya usafi."

Ni mwanawe wa kwanza. Alimwamini. Nilisema ngoja tuazime chanja kwa jirani, mama akasema jirani naye ana kakao yake juu, na ilikuwa kweli. Akamwaga punje kwenye matofali, akazitandaza kwa reki ya mti, taratibu, kama anavyozitandaza kila mwaka. Mimi nikarudi kazini.

Jua lilitoka, lile jua letu la baada ya mvua, lenye mvuke. Maji yaliyofungiwa chini ya dawa yakatafuta njia ya kutokea, dawa ikalainika, na punje zikanasa. Nilipofika tena katikati ya wiki, mama alikuwa amechuchumaa akizibandua kwa kisu cha jikoni. Zilizokuwa zimetoka zilikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa upande mmoja. Alinipa kiganja.

"Nusa," alisema. "Mimi pua yangu imekufa."

Hapo ndipo nilipokutana na lile kabati jipya.

Kwa msomaji asiyetoka huku: kakao ya mama haiuzwi peke yake. Wanachama wa chama cha ushirika hupeleka mazao ghalani, punje zinamwagwa pamoja na za wengine, wanunuzi wanachukua sampuli, ndipo mnada unafanyika. Harufu ya mmoja ni harufu ya wote. Mama analijua hilo kuliko wengi, kwa sababu msimu uliopita ni yeye aliyesimama kwenye foleni na kusema kwa sauti kwamba kakao ya mwenzake mmoja imekaushwa juu ya moto na inanuka moshi. Ilirudishwa. Yule mama aliondoka na magunia yake kwenye bodaboda mbele ya kijiji kizima.

Basi mama alitenga zilizonasa, akazitupa. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, alizianika upya kwenye chanja ya jirani ilipopata nafasi, na kila aliyepita njiani aliitwa anuse. Kila pua ilikuwa na yake. Mmoja alisema hakuna kitu. Mwingine, mama mwenye duka mjini aliyekuja kudai sahani zake, alinusa akasema, "Inanukia vizuri, kama ofisi." Shangazi alinusa kwa muda mrefu, akazirudisha punje kwenye mkeka moja moja.

"Kama jeneza la kaka yangu," akasema.

Nilimpigia kaka. Nilimweleza bila kuongeza chumvi, haikuhitajika. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, nyie mnaanika chakula kwenye sakafu halafu mnalaumu sakafu." Nikamuuliza chanja iko wapi. Akasema mtandao unakatika. Kwetu mtandao hukatika kweli, lakini si kwa mpangilio mzuri namna ile.

Siku ya kupokea mazao nilikwenda na mama. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatadanganya na pia hatazitupa punje zilizobaki kabla ya mtu mwingine kuhukumu. Alipofika mbele ya karani wa chama, alifungua gunia mwenyewe.

"Nusa vizuri, mwanangu. Hizi zililala kwenye dawa ya matofali."

Karani alikuwa na mafua. Macho yalikuwa mekundu, leso iko mkononi. Aliingiza uso kwenye gunia, akavuta, akapiga chafya.

"Mama, hii ni kakao."

"Nusa tena."

"Mama, angalia foleni hiyo."

"Mwite mwenye pua nzima basi."

"Mwenye pua nzima yuko likizo," karani akasema, watu wakacheka, na vijana wa ghala wakabeba magunia. Nilishuhudia punje za mama zikimwagwa juu ya lundo la wenzake, na koleo likipita. Baada ya hapo hata malaika asingezitenganisha.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa yule mama wa moshi. Alikuwa amesikia kila neno. Aliweka gunia lake chini, akamsalimia mama vizuri, kwa heshima yote, kisha akasema, "Kumbe mwaka huu inayohesabiwa ni pua ya karani tu, dada yangu." Mama alijibu, "Ndaga," asante ya kwetu, kama mtu anayeshukuru kwa kupewa kiti, na tukatoka.

Ua wenyewe sasa unabanduka. Weupe umepanda juu na unatoka magamba, chini yake kuvu limeanza upya, likiwa limefunikwa vizuri lisiguswe na fagio. Kaka ameambiwa na fundi kwamba mkono wa tatu utamaliza tatizo, na ameshaagiza pipa la pili. Picha yake ya ibada bado ipo kwenye simu, na watu wasiomjua mama wanaendelea kuisifia.

Wanunuzi walichukua sampuli ghalani na kuondoka nayo. Mnada uliokuwa ufuate umeahirishwa, na chama hakijasema kwa nini. Wengine wanasema ni mambo ya bei. Yule mama wa moshi hajasema lolote kwa mtu yeyote, na mama anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Jana jioni alinipigia kuuliza kama nimesikia chochote mjini. Sikuwa nimesikia.