Ukuta Alioubomoa Timazi

Fundi aliyenijengea bafu watu wanamwita Timazi, kama lile pande la chuma lenye kamba ambalo waashi huning'iniza kuona kama ukuta umesimama sawa. Jina alilipata siku alipompasua nalo kichwa mwashi mwenzake kwa kujenga ukuta umeinama. Kabla ya hapo alishamvunja taya baba yake wa kambo kwa kumpiga mama yake, na kwa hilo mimi simlaumu. Meno ya mbele hana. Mke alimkimbia. Lakini kigae akikipachika yeye kimepachikwa, hukitoi ila kwa kukivunja.

Nilimtafuta kwa sababu ya mume wangu. Mzee alipooza upande wa kulia. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na mlango wake mwembamba, hatupiti wawili tukiwa tumeshikana. Akawa anajisaidia kwenye ndoo chumbani, nami naibeba. Mwanamume aliyesimamia watu arobaini kiwandani. Nikiinua ndoo anageukia ukutani. Mwishowe akaanza kukataa chakula ili asipate haja. Hapo nikatoa kilichobaki cha kiinua mgongo chake, nikasema litajengwa bafu la choo cha kukaa, na haitaongezwa hata senti kwa sababu haipo.

Karatasi siziamini. Zamani niliwahi kutia dole gumba kwenye karatasi nisiyoisoma, kiwanja kikaenda. Basi nikamwita Timazi na fundi bomba, tukasimama watatu ndani ya bafu la zamani, nikashika tindo nikachonga bajeti yangu kwenye lipu ya ukuta. Duara ni mfuko wa saruji, mraba ni boksi la vigae, mstari ni bomba.

"Mama, hii haifutiki," fundi bomba akasema.

"Ndiyo maana nimeichonga."

Pesa ya vifaa vyote nikamkabidhi Timazi. Kati yetu watatu hakuna aliyekumbuka kwamba ukuta ule ndio wa kubomolewa, ili bafu lichukue nafasi ya stoo.

Asubuhi iliyofuata Timazi aliuvamia kwa nyundo kubwa. Aliupiga huku akiutukana matusi ya nguoni kana kwamba ulimkosea yeye na ukoo wake, matofali yanaruka, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria zangu. Kufika adhuhuri ukuta mzima ulikuwa kifusi uani.

Ndipo fundi bomba akaingia na mabomba manane begani, akataka alipwe.

"Manane ya nini?" Timazi akamuuliza. "Tulisema matano."

"Manane. Kasome ukutani."

Tukageuka wote kutazama. Palikuwa na hewa tupu na stoo yangu ya magunia. Fundi bomba akacheka.

"Pesa ya hayo matatu nimeshanunulia vigae," Timazi akasema polepole. "Nikikulipa wewe, choo tutanunua na nini?"

"Mimi nitajuaje, kibogoyo?"

Timazi alimpiga na pimamaji lake la chuma kwenye paji la uso. Ngozi ilifunguka kama mdomo, damu ikamwagikia shati. Fundi bomba akaangukia kifusi, akainuka na spana yake ya mabomba, akaishusha kwenye mkono wa Timazi uliokuwa umeshika fremu ya mlango. Nilivisikia vidole vikivunjika. Timazi hata hakulia. Alimkaba koo kwa mkono wa kushoto, akawa anamgonga kichwa kwenye pipa la maji, na pipa linaitika kila pigo. Mzee akapaza sauti kutoka chumbani, "Nani anakufa huko?"

Nilichukua beleshi. Nilimpiga Timazi kwa mpini mgongoni mara mbili, hakusikia. Pigo la tatu nikampa sikioni, akamwachia mwenzake.

"Mama, umenipiga."

"Na nitarudia. Kaeni chini."

Wakakaa, mmoja anavuja damu, mwingine kaficha mkono kwapani. Nikatandika mkeka, nikaanza kuchambua kifusi na kupanga vipande vya lipu, hiki na hiki, kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Vingine vilikuwa na damu mbichi, nikavifuta kwa kanga. Mistari ikaanza kuungana. Timazi mwenyewe ndiye aliyehesabu. Alipofika sita sauti ikapungua. Alifika nane, akaondoa kidole kwenye lipu.

"Nilikumbuka vibaya," akasema.

"Ulikumbuka vibaya, tena umemwaga damu ya mtu. Hayo matatu yatatoka kwenye ujira wako. Sasa pelekaneni hospitali."

"Huyu anipeleke mimi?"

"Una mwingine?"

Wakaondoka wameegemeana. Fundi bomba alishonwa nyuzi saba.

Timazi alirudi amefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Akapachika vigae kwa mkono wa kushoto siku kumi na moja, fundi bomba anamchanganyia saruji, na maneno yao yote yalikuwa "leta" na "toa". Kigae kikikaa vibaya Timazi alikibamiza sakafuni kikasambaa, mpaka nikamwambia navyo vitatoka kwenye ujira wake.

Siku choo kilipofungwa, mzee alikwenda mwenyewe, anaburuta mguu, bega limeegemea ukutani. Sisi watatu tukasimama mlangoni, mikono tayari kumdaka. Aligeuka taratibu, akakaa. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Mnangoja nini? Fungeni mlango."

Timazi akaufunga.