Nusu ya Sufuria

Hotuba yangu nzuri imeshindwa leo na sufuria chafu. 😅

Mama anauza sabuni, ile biashara ambamo kila muuzaji hutafuta muuzaji mwingine. Alikuwa amesema leo akikosa mtu wa kujiunga naye, anaacha kabisa.

Kwa hivyo nilimwandikia hotuba. Kurasa tatu!

Akamsomea jirani yetu, Mama Kibet, jikoni.

"Ni tamu, Mama Cherono. Lakini nikijiunga, hayo yote nitamwambiaje shemeji yangu kule Londiani ili naye ajiunge? Kwani mimi ni mwalimu?"

Mama akaikunja hotuba. (Moyo wangu!)

Halafu akachukua sufuria yenye masizi, akaisugua nusu tu. Ikang'aa. Akamwachia Mama Kibet sabuni.

Nilimkumbuka Kogo, nyanya yangu. Alipokuwa hai aliuza sabuni hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba kando ya mashamba ya majani chai, nami nikimbebea ndoo. Alisugua nusu, akamwachia mwenye sufuria nusu nyingine.

Mama Kibet akamalizia ile nusu nyingine, akicheka.

"Aii, hii hata mimi naweza. Niandikishe!"

Ameondoka sasa hivi na sufuria yetu nyeusi kuliko zote. Eti ni ya kumwonyesha shemeji.

Nyanya zenu waliuzaje? Niambieni.