Sifa za Mlangoni

Mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka 1963, tulimzika mwalimu wetu wa mpira wa kikapu. Kazi yake hasa ilikuwa udresa, kufunga vidonda na kugawa dawa, katika hospitali ya Chake Chake. Mpira alitufundisha jioni, bila ya malipo, kwenye uwanja wa udongo wenye pete za chuma cha pipa. Nilipopokea jeneza begani, sauti yake ndiyo niliyoikumbuka.

Alikuwa mtu wa Unguja, na alisifu kwa sauti kubwa. Sisi tuliolelewa kwa bakora za chuo cha Kurani hatukuyazoea hayo. Ukikosa, hasemi kitu. Ukipatia, hata ikiwa ni kuweka mguu tu pahala pake, uwanja mzima utasikia: "Mmemwona huyo? Pemba nzima hakuna kama huyo!"

Siku moja alinisifu hivyo mimi, na watu wamejaa. Siku ya pili yake nikashikwa na homa. Alikuja kwetu na vidonge vya kwinini, mama akamsimamisha mlangoni. Nilikuwa kitandani, nikisikia.

"Bwana dresa, mwanangu ndiye huyo huyo mmoja. Wamsifu mbele za watu, hata mashaallah husemi! Wataka wamtie jicho wamwue?"

Jirani aliyekuwa kibarazani akacheka. "Yakhe, hiyo ni malaria tu!"

Mwalimu hakucheka. Homa ile aliijua kuliko sote, lakini alisema, "Nimekosa, mama. Nisamehe."

Mama alimsamehe, ila mimi akanikataza mpira. Mechi yetu na Wete ilikuwa karibu, na sikuwa na jengine nililolitaka duniani.

Nilipopona, mwalimu alirudi. "Mama, uwanjani nitanyamaza. Sifa zake nitakuletea wewe hapa mlangoni. Uzisomee dua kwanza, ndipo umpe."

Mama alicheka, akakubali.

Basi kila baada ya mazoezi alipita kwetu. Mimi niko ndani, namsikia: "Leo kampa mwenzake mpira, na angeweza kuutupa mwenyewe." Mama husema mashaallah, kisha huja kunihadithia kama kwamba sikusikia. Nami humsikiliza tena.

Wete walikuja na lori zima la mashabiki. "Wee mrefu," walinipigia kelele, "si ukaangue nazi!" Mwalimu alikaa kwenye benchi, leso mdomoni. Mpaka mwisho tulikuwa sawasawa. Wenzangu wakaanza kuuogopa mpira. Nikanyoosha mkono, nikapewa. Niliutupa, ukazunguka kwenye pete, ukaangukia nje. Wete wakauchukua, wakaenda kutufunga.

Nilitangulia nyumbani, nikajilaza. Nilijua leo hatapita. Angekuja kusema nini?

"Hodi."

"Karibu, bwana dresa. Mmefunga?"

"Tumefungwa, mama. Mpira wa mwisho kautupa yeye, ukatoka."

 Nami nikavuta shuka mpaka usoni.

"Lakini wenzake walikuwa wanaukimbia mpira ule," alisema mwalimu. "Yeye kauomba."

"Mashaallah," alisema mama. Kisha, "Pita ndani, ule. Na wewe huko, toka kwenye hilo shuka."

Akaingia, akavua viatu, tukala muhogo, mimi na yeye, sahani moja.